Wanaoomba Kabla ya Kusaliti

Mwaka 2007 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuonyesha msimu wa 15 wa Survivor, uliopigwa picha nchini China. Kabla ya kupelekwa kambini, washiriki 16 walipitishwa kwanza kwenye hekalu la Kibuddha ili wakaribishwe kwa mila za wenyeji. Palikuwa na watawa, ubani unafuka, na kupiga magoti mbele ya sanamu. Leslie Nease, mtangazaji wa redio ya Kikristo kutoka majimbo ya kusini, alikaa kidogo na wenzake, kisha akainuka akatoka nje huku machozi yakimlengalenga. Kwake yeye ile ilikuwa ibada, na yeye hamwinamii mwingine zaidi ya Mungu wake. Mwongozaji wa shindano, Jeff Probst, alikwisha kuwaambia kwamba yale ni makaribisho tu na hayana uhusiano na kuabudu. Haikusaidia. Leslie alikuwa wa tatu kutolewa.

Kinachonichekesha ni kilichofuata. Siku zilizobaki, waliokuwa wamepiga magoti na wasiopiga walikuwa vichakani wakifukua mizizi na kupekua mapango ya miti, wakitafuta kisanamu kilichofichwa ambacho mwenye nacho akikitumia, kura alizopigiwa hazihesabiwi. Ukishinda pambano la siku hiyo unavikwa mkufu shingoni, nao unakulinda kama hirizi mpaka kura zinazofuata. Usiku mnaketi kwenye baraza lenye mienge, na aliyetolewa mwenge wake unazimwa mbele ya macho yake. Shindano zima limejengwa kama dini ya kubuni, lina kinga zake, viapo vyake na kafara zake. Waumini wa kweli hutumbukizwa humo tuone watafanya nini.

Kwa ambaye hajawahi kukitazama kipindi hiki, mchezo wenyewe uko hivi. Kwa kawaida watu kati ya 16 na 20 wasiojuana wanatupwa mahali pasipo na nyumba wala chakula cha maana, wanagawanywa katika makundi yanayoitwa makabila, wanashindana, na kundi linaloshindwa linakwenda barazani kumpigia kura mwenzao mmoja atoke. Makundi baadaye huunganishwa na kila mtu akawa peke yake. Wakibaki wawili au watatu, wale waliotolewa karibuni wanarudi kama jopo na kumchagua mmoja wa kupewa dola milioni moja. Hapo ndipo penye utamu na uchungu: anayekupa ushindi ni yule yule uliyemfanyia hila. Kwa miaka 20 ya mwanzo karibu kila msimu ulikuwa wa siku 39. Tangu msimu wa 41 ni siku 26, na sasa kila msimu unapigwa picha Fiji.

Aliyelipeleka shindano hili Marekani mwaka 2000, baada ya kuanzia Sweden mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson, ni Mark Burnett, Mwingereza aliyewahi kuwa askari wa miamvuli. Huyo huyo, pamoja na mkewe mwigizaji Roma Downey, ndiye aliyetengeneza The Bible, tamthilia ya Biblia iliyorushwa na History mwaka 2013. Sioni mgongano wowote katika kazi zake hizo mbili. Anayejua kusimulia habari za Yakobo kumlaghai baba yake kipofu apate baraka za kaka yake hahitaji kufundishwa Survivor.

Shindano hili limewahi kufika kwetu pia. Msimu wa tatu, wa mwaka 2001, ulipigwa picha katika hifadhi ya Shaba, Isiolo, nchini Kenya. Makundi mawili yakaitwa Samburu na Boran, na yalipounganishwa yakaitwa Moto Maji. Kulala kwao kulikuwa ndani ya boma la miiba kwa sababu ya simba. Katika pambano mojawapo waliletewa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, wainywe kwa zamu. Kwa mtayarishaji wa Los Angeles hicho ni kioja cha kuwashangaza watazamaji. Kwa Waborana wa Isiolo, ambao wengi wao ni Waislamu, damu ni haramu, na hapo kuna kundi la Wamarekani linaloitwa kwa jina lao likigida kikombe baada ya kikombe. Sikumbuki mtu yeyote humo ndani akiuliza wenye jina wanakula nini na hawali nini. Mshindi wa msimu huo, Ethan Zohn, Myahudi aliyekuwa mcheza soka wa kulipwa na aliyewahi kuchezea timu moja ya Zimbabwe, alitumia sehemu ya fedha zake kusaidia kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalofundisha vijana wa Afrika habari za UKIMWI kupitia mpira. Hilo angalau lilirudi nyumbani.

Sisi tulipopata shindano letu, Big Brother Africa, mwaka 2003, gumzo la dini lilikuwa kubwa lakini liligeukia upande mwingine. Nyumba moja Johannesburg, vijana 12 kutoka nchi 12, siku 106, dola 100,000. Cherise Makubale wa Zambia akachukua ushindi, na Mwisho Mwampamba wetu wa Tanzania akawa wa pili. Bunge la Malawi lilipiga kura kuzuia kipindi hicho kisirushwe na televisheni ya taifa. Rais Sam Nujoma wa Namibia alitaka shirika la utangazaji la nchi yake liache kukionyesha. Makanisa yalikemea, masheikh wakakemea, na mzozo wote ulikuwa juu ya saa ya kuoga na nani kalala kitanda cha nani. Dini ilikuwa suala la mtazamaji: je, ni dhambi kuangalia? Waliomo ndani ya nyumba walihesabiwa kuwa wamekwisha kupotea, basi hakuna aliyejishughulisha kuuliza wao wanaamini nini au wanasali saa ngapi.

Wamarekani, nao ni watu wa dini kupita Wazungu wengi wa Ulaya, waliliuliza swali hilo tangu siku ya kwanza. Katika msimu wa 2000, kwenye kisiwa cha Pulau Tiga, Malaysia, kila mshiriki aliruhusiwa kubeba kitu kimoja cha anasa. Kijana mmoja, Dirk Been, alibeba Biblia. Alionekana akiisoma wakati wenzake wakihangaika na wali na panya wa kuchoma, na alitolewa akiwa wa tano. Aliyeshinda ni Richard Hatch, aliyeingia akiwa ameamua kutafuta watu wa kupiga kura pamoja naye bila haya wala kificho. Mtu angefunga mjadala hapo: mcha Mungu katoka mapema, mjanja kachukua milioni. Ila mambo hayakukaa hivyo.

Mwaka 2002, katika msimu uliofanyika visiwa vya Marquesas, waliobaki mwisho walikuwa Vecepia Towery, Mkristo asiyeficha ukristo wake, na Neleh Dennis, binti wa Kimormoni kutoka Utah. Hapo jopo halikuwa na kafiri wa kumchagua hata kama lingetaka. Walifikaje? Katika pambano la mwisho walisimama juu ya nguzo wakiwa watatu, na mwenzao Kathy alipokwisha kuondoka, wawili hawa wakapatana wakiwa hapo hapo juu: Neleh ashuke, Vecepia ashinde, kisha Vecepia amchukue Neleh waende naye fainali. Neleh akashuka, Vecepia akatimiza ahadi, na jopo likampa Vecepia ushindi kwa kura 4 dhidi ya 3. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda. Kwa macho ya Kathy hayo yalikuwa usaliti. Kwa wale wawili yalikuwa neno lililotolewa na kutunzwa.

Basi kumbe muumini anaweza kushinda, na anaweza kushinda kwa hila. Nimetazama misimu mingi ya kipindi hiki kwa moyo wa mtu aliyelelewa na wazee wasioruhusu neno "Wallahi" kutamkwa mezani kwa mzaha, na nimeondoka na jambo moja. Jopo husamehe karibu kila uongo. Uongo linaoona taabu kuusamehe ni ule uliopewa Mungu kama shahidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Washiriki wengi wa dini wana jibu lao tayari: huu ni mchezo. Mchezaji anayepiga chenga kushoto na kukimbilia kulia haendi kuungama kwa padri baada ya mechi. Sheria zinajulikana, kila aliyeingia amesaini, anayedanganywa leo ndiye aliyedanganya jana. Nalikubali jibu hilo, karibu lote. Linakwama pale mtu anapotoka nje ya uwanja kwenda kuchukua kitu ambacho si cha mchezo na kukirudisha ndani kama silaha. Msimu wa 2003, Jon Dalton alipangana na rafiki yake kwamba akija kumtembelea kisiwani amletee habari za msiba wa bibi yake. Rafiki akaja, akasema bibi amefariki, Jon akalia, wenzake wakamwonea huruma na kumwachia ushindi wa pambano ili akae na rafiki yake. Baadaye akaapa kwa jina la marehemu bibi. Wakati huo bibi alikuwa nyumbani akitazama televisheni. Jon aliishia nafasi ya tatu, na hadi leo ukitaja uongo mkubwa wa Survivor jina lake ndilo la kwanza. Uongo mwingine wa msimu ule, na ulikuwepo mwingi, hakuna anayeukumbuka.

Bibi ni jambo moja. Msimu wa 2011 uliofanyika Samoa, ulioitwa South Pacific, ulimleta Mungu mwenyewe.

Kundi la Upolu lilikuwa na mzee wao wa kujichagua, Benjamin Wade, anayejulikana zaidi kama Coach. Alikuwa amekwisha kucheza misimu miwili huko nyuma, akichekwa kwa majigambo yake ya vita na falsafa za kisamurai. Safari hii aliingia na heshima, uaminifu na sala. Kundi lake lilishikana mikono na kuomba kabla ya mapambano, likaomba baada ya mapambano, likashukuru likishinda. Miongoni mwao alikuwamo Brandon Hantz, kijana wa Texas aliyejaa michoro mwilini na dhamiri isiyompa usingizi. Mjomba wake, Russell Hantz, ndiye mmoja wa wachezaji katili kuliko wote waliowahi kupita hapo, na Brandon alikuja akitaka kulisafisha jina la familia. Akidanganya asubuhi, jioni alikuwa ameshakwenda kukiri kwa aliyemdanganya. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa washirika wake, na Coach aliligundua mapema kwamba kamba ya kumwongozea ni moja tu.

Sasa angalia tukio hili. Coach ameshakipata kisanamu cha kinga. Anakijua mahali kilipo, na wawili kati ya washirika wake, Albert na Sophie, wanajua. Brandon hajui. Coach anaona kumficha zaidi kutaleta matatizo, na kumwambia kwamba alikipata zamani akanyamaza kutaleta makubwa zaidi. Basi wanakusanyika. Wanaomba. Sauti nzito ya Coach inamsihi Mungu awaonyeshe kisanamu kilipo, kama ni mapenzi yake. Wanatawanyika kutafuta, na baada ya muda Coach "anakiona". Furaha! Brandon anaamini ameshuhudia maombi yakijibiwa, na uso wake ni wa mtu aliyepewa ishara.

Nimekirudia kipande hicho mara kadhaa na kila mara kinanikera upya, nami si mtu wa kukereka na michezo ya runinga. Hakuna aliyeumizwa papo hapo. Hakuna aliyetolewa usiku ule kwa sababu ya sala ile. Lakini kijana alichukuliwa kitu ambacho hakukileta kukichezea.

Wiki chache baadaye walikuwa wamebaki watano. Brandon alishinda pambano, akavikwa mkufu wa kinga. Ukivaa mkufu huo, hakuna mwenye uwezo wa kukugusa. Barazani, mbele ya Probst na mbele ya wote, aliuvua mkufu shingoni mwake na kumpa Albert, ambaye alidhani ndiye aliyekuwa hatarini, akategemea neno la Coach kwamba hatampigia kura. Coach alikuwa amempa neno hilo kama Mkristo kwa Mkristo. Kura zikasomwa: tatu kwa Brandon, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa ya Coach. Kijana akainuka, hakutukana mtu.

Fainali ilipofika, Coach alistahili kushinda kwa vipimo vingi vya mchezo. Kundi lilikuwa lake, mpango ulikuwa wake. Jopo lilimkalia kooni kwa jambo moja, nalo lilikuwa sala. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alidanganya. Walitaka kujua kwa nini alidanganya akiwa amepiga magoti. Angesema tu kwamba alitumia kila alichokuwa nacho, pengine wangempa. Alirudi kwenye heshima na uaminifu, akajikanyaga. Sophie Clarke, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa na ulimi mkavu na asiyejifanya mlokole, alipata kura 6. Coach alipata 3. Albert hakupata hata moja.

Kuna anayeweza kusema nimechagua mfano unaonifaa, na hapo simbishii. Mike Holloway, mchimba mafuta wa Texas, alishinda msimu wa 2015 huku akiomba hadharani karibu kila wiki. Tofauti ni kwamba wakati akiomba sana alikuwa peke yake, kundi zima limemgeukia, na sala ile haikuwa na mtu wa kuihadaa. Kamera ilikuwepo, bila shaka, na kamera haikosi kumwona anayeomba. Maana tusisahau kwamba tunachokiona ni vipindi kama 13 au 14 vilivyochujwa kutoka siku 39 usiku na mchana. Mhariri ndiye anayeamua sala ipi ionekane, na mhariri hutafuta sala yenye kisa. Wangapi waliamka alfajiri wakasali wakarudi kulala, picha zao zikabaki kwenye kabati huko Los Angeles, hatutajua.

Mara chache mhariri huacha sala isiyo na faida. Mapema mwaka ule ule wa 2011, katika msimu uliopigwa picha Nicaragua, kulikuwa na kijana aitwaye Matt Elrod. Msimu huo ulikuwa na utaratibu mpya: anayetolewa anapelekwa pahala pa upweke, anaishi peke yake, na kila anapokuja mwingine wanapambana. Anayeshinda anabaki akingoja nafasi ya kurudi mchezoni. Matt alitolewa mapema na watu aliowaamini. Akashinda pambano la kwanza, la pili, la tatu, akaendelea hivyo mpaka akarudishwa mchezoni. Aliporudi, kundi la pili lilimshawishi ahamie kwao walipize kisasi. Akakataa, na zaidi ya kukataa akaenda kumweleza kiongozi wa kundi lake, Rob Mariano, kwamba ameshawishiwa na kwamba alilifikiria. Rob, mzoefu wa mchezo huu, alimsikiliza vizuri. Usiku ule ule Matt akatolewa tena, akarudishwa kwenye upweke.

Huko ndiko nilikoona jambo ambalo sikulitarajia kwenye televisheni ya kibiashara. Kijana aliyekonda mbavu zinahesabika, anazungumza na Mungu kwa uchovu. Haombi ushindi. Anataka kwenda nyumbani, anasema hivyo, na papo hapo anakubali kwamba kama anatakiwa abaki basi atabaki. Hakuwa na mtu wa kumdanganya. Wala hakuwa na mtu wa kumsikia, ukiondoa mpiga picha. Akaendelea kushinda mapambano mengine kadhaa kabla ya kushindwa. Rob alichukua milioni yake, na aliistahili. Ukiniuliza nani namkumbuka kutoka msimu ule, sitaji Rob kwanza.

Lisa Whelchel naye, aliyejulikana Marekani tangu utoto wake kama mwigizaji wa tamthilia ya The Facts of Life, aliingia msimu wa 2012 nchini Ufilipino na ukristo wake wa kanisani akagundua siku za mwanzo kwamba anajua kupanga njama kuliko alivyodhani. Hilo lilimtisha. Akalia sana. Ndugu yake alipokuja kumtembelea akamtoa hofu kwamba anaruhusiwa kucheza. Alifika fainali, akaambulia kura moja, Denise Stapley akashinda. Sikuwahi kumwelewa vizuri Lisa. Nadhani alitaka kuwa mwema na kushinda kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengi tunalitaka, ila yeye alilitaka mbele ya kamera.

Halafu wakaja wachungaji. Msimu wa 41, uliorushwa mwishoni mwa 2021, ulikuwa na Shan Smith, mchungaji kijana mwenye tabasamu pana na wimbo wa chini chini alipokuwa akipanga jambo, akapewa jina la mchungaji wa kimafia. Alimshawishi kijana mwenzake, JD Robinson, amkabidhi kura yake ya ziada kama ishara ya kuaminiana. Baadaye JD akatolewa, kura ikabaki kwa Shan. Alifanya kazi hiyo kwa ustadi na kwa machozi, akisema wazi kwamba uchungaji na mchezo vinamvuta pande mbili. Hakuwahi kusema Mungu amemtuma. Wenzake hawakumtoa kwa sababu ya unafiki. Walimtoa kwa sababu alikuwa hodari mno. Hilo, katika mchezo huu, ni sifa.

Msimu uliofuata, wa 42, wa mwaka 2022, ndio ningemshauri mtu auangalie kama anataka kuangalia mmoja tu. Maryanne Oketch, miaka 24, alitoka Ontario, Canada, mwanafunzi wa theolojia. Jina hilo msomaji wa Kisumu ameshalitambua kabla sijamaliza sentensi: wazazi wake ni Wakenya. Alikuwa na kicheko cha kusikika upande wa pili wa kisiwa na mdomo usiofungwa, na wiki za mwanzo wenzake walimwona mtoto wa kuvumiliwa. Kundi moja na yeye alikuwamo Omar Zaheer, daktari wa mifugo, naye wa Ontario, Muislamu wa kwanza mwenye kushika dini kuonekana katika shindano hilo kwa miaka 22. Omar alikuwa mpole, msikivu, mtu ambaye kila kundi lilimpelekea siri zake. Na Omar alizitumia siri hizo vilivyo. Alipotaka Hai Giang atolewe alimwendea Mike Turner, zimamoto mstaafu wa New Jersey mwenye hasira za karibu, akamwambia Hai amejigamba kwamba Mike ni kikaragosi chake. Hai hakuwa amesema hivyo. Mike akawaka, Hai akatoka.

Nitakuwa mkweli: mara ya kwanza nilivunjika moyo kidogo. Waislamu tulio wengi tungependa wa kwanza wetu awe mfano. Lakini nilipotulia niliona kwamba Omar hakuapa. Hakusema Wallahi, hakumtia Mwenyezi Mungu katika umbea ule. Alicheza kama wengine wanavyocheza, na dini yake akaiweka mahali pake. Kutaka Muislamu pekee aliyeko kisiwani awe malaika wakati Wakristo wameshapata nafasi ya kuwa kila kitu, kuanzia Leslie hadi Coach, ni mzigo ambao hakuna aliyemwomba aubebe.

Aliyemtoa Omar, walipokuwa wamebaki sita, ni Maryanne. Mpango ulikuwa wake tangu mwanzo hadi mwisho. Omar alikuwa rafiki yake, na alikuwa akielekea kushinda, na hizo zilikuwa sababu mbili zinazovutana. Mwanafunzi wa theolojia akachagua ya pili.

Fainalini walikaa watatu: Maryanne, Mike na Romeo Escobar. Mike alijieleza kama mtu aliyecheza kwa uadilifu, mtu wa neno lake. Jopo likamkumbusha, mmoja baada ya mwingine, neno alilompa huyu na neno alilompa yule. Alichukua muda mrefu kukubali, na kadiri alivyochukua muda ndivyo nyuso za jopo zilivyokuwa ngumu. Maryanne aliulizwa alifanya nini. Akaeleza: nilipanga hili, nilimtoa huyu, sababu ilikuwa hii. Kisha akawaambia kwamba muda wote huo alikuwa na kinga nyingine aliyoificha, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja. Hawakuamini masikio yao. Yule mtoto wa kuvumiliwa alikuwa amewanyamazia.

Kura zilikuwa nane. Mike alipata moja, kutoka kwa Jonathan Young. Romeo hakupata kitu. Saba zilikwenda kwa Maryanne, na mojawapo iliandikwa na Omar.